Msimlaumu Kijana wa Ifakara

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuulizana kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda Ifakara kula Krismasi ya 2025 kwa mjomba, nikarudi na gunia la mchele kwenye buti la basi na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Mchele nimeshaanza kuupika. Hasira naitoa leo. Mwenye moyo mwepesi afunge ukurasa akasome habari za mpira.

Hasira yenyewe ni ya tarakimu moja tu: sifuri.

Ngoja nieleze. Mjomba ana mtoto, kijana wa miaka 23. Kamaliza chuo, kazi hakuna, karudi nyumbani kusaidia shamba na mashine ya kukoboa. Baada ya mavuno ya mwaka ule alinunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, akaifungia diski kubwa, akaiweka chumbani kwake jirani na magunia. Wenzake waliponunua simu za kamera tatu, yeye akasema anataka kuendesha nodi ya Bitcoin. Ndiyo, Ifakara. Usicheke. Kwani nodi imeandikiwa Masaki peke yake?

Kwa wasiojua, Bitcoin haina makao makuu. Tangu Januari 2009 kuna daftari moja la miamala, na kila baada ya dakika 10 hivi linaongezwa ukurasa. Nodi ni kompyuta ya mtu yeyote inayokagua daftari hilo lote tangu ukurasa wa kwanza: kama kuna aliyetumia sarafu moja mara mbili, kama kuna aliyejitengenezea sarafu nje ya kanuni, kama jumla itabaki chini ya ile milioni 21 iliyowekwa. Ikishakagua, inawapa nodi nyingine nao wakague. Nodi haikulipi hata senti. Wale wanaolipwa ni wachimbaji, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye mashine nyingine na umeme mwingine.

Mjomba alipoona kompyuta inawaka usiku kucha na kijana haongelei faida, alidhani DECI imefufuka. Mnaikumbuka DECI ya 2009, ile ya kupanda mbegu na kuvuna? Watu wazima walilia. Basi mjomba aliponipokea tu, kabla hata shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, akanivuta pembeni: "Mpwa wangu, wewe ni mwandishi. Hebu niambie ukweli, huyu mtoto anatapeliwa?"

Nikamjibu kwa lugha ya mpunga. Nikamuuliza, mjomba, mnunuzi akija shambani na gunia lake la lumbesa, nani anajua uzito wa kweli? Akacheka kicheko kisicho na furaha. Bonde zima la Kilombero linajua jibu. Serikali imepiga marufuku lumbesa, Wakala wa Vipimo wanapita wakikumbusha kuwa gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani mwenye mizani ndiye mwenye bei. Nikamwambia, basi nodi ni mizani yako mwenyewe. Bila nodi, simu inakuambia una kiasi fulani na wewe unaitikia amina, kwa sababu mizani ni ya mtu mwingine. Ukiwa na nodi, unapima mwenyewe.

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kidude chenyewe ni mizani. Basi kiache kiwake."

Daftari lile lina zaidi ya gigabaiti 600. Kwa intaneti ya kijana, ambayo ni kile kirauta cha kuchomeka laini ya simu, kulipakua lote kungemalizia mavuno ya msimu mzima. Kwa hiyo mwezi wa nane mimi nililipakua Dar, nikalipakia kwenye diski, diski nikaipa basi. Kompyuta ya Ifakara ikapitia upya kurasa zote, moja baada ya nyingine, kwa siku nyingi, huku umeme ukikatika na kurudi. Sikumwambia "niamini mimi, nimeshakagua." Hiyo ingekuwa lumbesa nyingine. Alipima mwenyewe.

Ikafanya kazi. Lakini kijana alitaka jambo la pili. Mizani ya nyumbani inakusaidia wewe, yeye alitaka na jirani aje apimie. Kila nodi ina miunganisho ya aina mbili. Kwanza ile inayotoka: wewe unazitafuta nodi nyingine na kuziomba kurasa mpya. Programu ya Bitcoin Core kwa kawaida hufungua 10 ya namna hiyo. Pili ni ile inayoingia: wageni wanakutafuta wewe, na wewe unawapa. Nodi iliyo wazi inaweza kuhudumia wageni zaidi ya 100. Mtandao mzima unasimama juu ya watu wanaokubali kugongewa mlango, kwa sababu kila anayetoka kwenda kuuliza lazima amkute mtu nyumbani.

Nodi ya Ifakara: inayotoka 10, inayoingia 0.

Wiki ya kwanza sifuri. Mwezi wa kwanza sifuri. Kijana akasoma kila mwongozo aliouona. Akabadilisha rauta. Akapiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa zima, subiri sekunde 30, washa. Akazima, akasubiri, akawasha. Sifuri. Akapiga tena, akaambiwa, "Kaka, hayo ni masuala ya setingi zako, upande wetu huduma iko sawa." Mpaka naingia Ifakara alikuwa ameshaamua kuiuza kompyuta. Aliniambia sentensi moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya: "Kaka, nadhani mimi si mtu wa kompyuta."

Jamani. Kijana aliyefunga diski mwenyewe, akapitia daftari la miaka 16 kwenye chumba chenye magunia ya mpunga, anaamini kwamba yeye ndiye tatizo.

Tukakaa chini siku ya Boxing Day. Nawaandikia tulichofanya, maana najua wapo wengine wenye sifuri yao, iwe ya nodi, kamera ya dukani au seva ya michezo.

Kwanza tukaangalia anwani ya kompyuta ndani ya nyumba. Kila umeme ukikatika, rauta ilikuwa inaipa kompyuta anwani mpya, kwa hiyo maelekezo ya jana leo hayamfikii mtu. Tukaiambia rauta iitengee kompyuta ile anwani moja siku zote. Pili, tukaangalia ukuta wa moto wa kompyuta yenyewe kama unaruhusu wageni kwenye poti ya 8333, ambayo ndiyo mlango wa kawaida wa Bitcoin. Ulikuwa unakataa, tukauruhusu. Tatu, tukaingia kwenye rauta na kuiagiza kwamba yeyote anayegonga 8333 kutoka nje apelekwe kwenye kompyuta hii. Nne, tukaachana na miongozo ya zamani inayosema uwashe UPnP ndani ya programu na mambo yatajipanga yenyewe. Toleo la 29 la Bitcoin Core, la Aprili 2025, limeshaiondoa UPnP, kwa hiyo kijana alikuwa akitafuta kitufe ambacho hakipo.

Kila kitu sasa kiko sawa. Nikachukua simu yangu yenye laini ya kampuni nyingine, nikagonga mlango kutoka nje.

Kimya. Sifuri.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelianza nalo tungeokoa miezi. Fungua ukurasa wa rauta, tazama anwani ambayo rauta imepewa na kampuni. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo ukiwa nje. Zikilingana, una mlango wa barabarani. Zisipolingana, huna. Ya kwetu ndani ya rauta ilianza na 100, ikifuatiwa na namba iliyo kati ya 64 na 127. Nje tulionekana na anwani nyingine kabisa. Ile ya 100 si ya kwetu na si ya dunia. Ni fungu lililotengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kampuni zinazowabanza wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mafundi huita CGNAT. Mimi naiita S.L.P. ya mtaa.

Mnaikumbuka S.L.P.? Ukoo mzima, labda na jirani, mnatumia sanduku moja la posta la shule au la kanisa. Barua zako unatuma vizuri tu. Majibu yanakuja kwa sababu mtunza sanduku anakumbuka kwamba uliandika. Lakini siku mtu asiyekufahamu anapokuandikia bila wewe kumwandikia kwanza, mtunza sanduku anaigeuza bahasha mara mbili, hajui ni ya nani kati ya watu mia, anaitupa. Hakuandikii kukuambia ameitupa. Na wewe huko nyumbani unaweza kupaka rangi mlango, ukaweka kengele, ukabandika namba kubwa kabisa ya 8333. Barua haitafika, kwa sababu imetupwa mjini.

Ndiyo maana ya sifuri ile. Haikuwa setingi. Hakuna setingi ndani ya nyumba ile ambayo ingeigeuza kuwa moja.

Tukapiga simu tena, safari hii tukiwa na swali lenye meno: je, anwani hii ni yetu peke yetu au tunachangia? Tukahamishwa mara tatu. Mtu wa nne, tena mstaarabu, akakiri kwamba wateja wa nyumbani wanachangia, na kwamba anwani ya peke yako ipo kwa wateja wa kibiashara, kwa bei ambayo mjomba aliposikia aliuliza kama pamoja nayo wanatoa ng'ombe. Kampuni siitaji, maana nikiitaja mtadhani ni hiyo peke yake.

Sasa nisikilizeni, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Sisemi uhaba wa anwani ni uongo. Anwani za zamani, za IPv4, ni bilioni 4 na ushee kwa dunia nzima, na ghala kuu lilikauka Februari 2011. Sisi tulichelewa kufika kwenye foleni. AFRINIC, shirika la kule Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, tangu Januari 2020 halimpi mwombaji zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mamilioni ya anwani za bara letu yalikuwa yamehamishwa kinyemela. Kisha zikaja kesi juu ya kesi, mpaka 2023 mahakama ikamkabidhi shirika msimamizi. Hayo yote nayajua, na fundi wa kampuni akiniambia "kaka, anwani hazitoshi," namwelewa na namwonea huruma.

Ninachokataa ni mambo matatu.

La kwanza ni kunyamaza. Bango linasema INTANETI, kwa herufi kubwa. Halisemi "intaneti ya kutoka tu." Ukinunua gunia la kilo 100 ukapewa 60, huyo aliyekuuzia anaitwa nani? Na anapokuambia kwamba macho yako ndiyo mabovu? Mtu wa huduma kwa wateja aliyemwambia kijana "setingi zako" hakuwa mwongo, pengine hakufundishwa. Aliyeandika karatasi anayoisoma ndiye ninayemtafuta.

La pili ni ile hoja kwamba mtu wa nyumbani hahitaji kuingiliwa na wageni. Nani kawaambia? Nani alikaa kikao akaamua kwamba mtu wa Ifakara kazi yake ni kutazama video, na kazi ya kutoa ni ya watu wa Ulaya na Marekani? Intaneti ilibuniwa ili kila aliyemo aweze kuita na kuitwa. Ukimwondolea mtu uwezo wa kuitwa, umembakiza mteja. Leo ni nodi, kesho ni kijana anayetaka kuweka redio ya mtaa kwenye kompyuta yake, keshokutwa ni ushirika wa wakulima unaotaka seva yake ya bei za mpunga bila kulipa kodi ya pango kwa kampuni ya ng'ambo. Wote watakutana na mtunza sanduku yule yule.

La tatu ni hoja ya usalama: eti mkifungiwa ndani hamuibiwi. Ni kweli wageni wabaya wapo, ndiyo maana kuna ukuta wa moto. Lakini mlango wangu niufunge mimi, na ufunguo niwe nao mimi. Ukinifungia kwa nje, huo si ulinzi tena.

Na dawa si ndoto. IPv6, ile yenye anwani zisizokwisha, imeandikwa tangu 1995. Ina umri mkubwa kuliko kijana wa mjomba. Kampuni inayoiwasha kikamilifu, na kumruhusu mteja afungue poti akitaka, haihitaji kuomba radhi kwa uhaba wowote.

Kwenye usawa huu wa kutoa na kupokea, hebu litazameni bonde lenyewe. Kidatu inafua megawati 204. Kihansi, huko kwenye miteremko ya Udzungwa, megawati 180. Mto Kilombero ndio unaoupa Rufiji sehemu kubwa zaidi ya maji yake, yale yanayozungusha mitambo 9 ya bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Sukari inatoka Kidatu, mchele unatoka Ifakara na Mlimba, mmeula na mtaendelea kuula. Bonde hili linatoa tangu asubuhi mpaka jioni. Likija kwenye intaneti tu, ndipo linaambiwa: nyie pokeeni.

Lakini nisije nikaonekana napiga upande mmoja. Kuna kundi la pili ambalo nina ugomvi nalo, na ni marafiki zangu. Ninyi mnaovaa fulana za Bitcoin Dar na Nairobi, mnaowaambia vijana "kuwa benki yako mwenyewe." Wangapi kati yenu mnaendesha nodi? Sarafu zenu mmeziacha kwenye makampuni ya kubadilishia fedha, nywila kazishika mtu mwingine, mizani ya mtu mwingine, halafu mnahubiri uhuru. Kijana wa Ifakara alifuata mahubiri yenu mpaka mwisho, akakwama, akawauliza, mkamwambia "fungua poti." Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba poti haifunguki nyuma ya CGNAT, kwa sababu hakuna aliyewahi kuifungua.

Na hamkumwambia jambo lingine, la muhimu kuliko yote: kwamba nodi yenye sifuri inayoingia bado ni mizani kamili. Inakagua kila ukurasa, inakataa uongo kama nodi yoyote ya Berlin. Kinachokosekana ni kumpimia jirani. Laiti mngemwambia hivyo tangu mwanzo, asingehesabu miezi ile kuwa ni kushindwa. Asingelipia rauta ya pili. Mngemwambia pia kwamba diski ikiwa ndogo unaweza kuiagiza programu ibakize kurasa za karibuni tu baada ya kukagua zote, na kwamba bando likiwa dogo unaweza kuizuia isipokee miamala ambayo bado haijaingia kwenye daftari, na ukaweka kikomo cha inachotoa. Hiyo ndiyo elimu. Fulana hata mitumbani zipo.

Kundi la tatu ni wakubwa. Novemba 2019 Benki Kuu ilitutangazia kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa ajili ya mambo hayo hayo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Sawa, kodi tutalipa. Lakini mtu akishafika mahali pa kututoza, basi amekubali kwamba tupo. Na kama tupo, tupewe mlango.

Maana ipo njia ya kuzunguka nyuma. Nodi inaweza kupokea wageni kupitia Tor bila kufungua poti yoyote, au mtu anakodi seva ndogo nje na kujivutia njia ya VPN mpaka chumbani. Mafundi wote wanajua. Ila Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, na kukumbusha adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kijana alilisoma tangazo lile mara mbili. Akaniuliza, "Kaka, na Tor je?" Kisha akaangalia magunia, akamfikiria baba yake, akaacha. Sikumlaumu. Mlango wa mbele umefungwa na kampuni, wa nyuma unalindwa na hofu, halafu tunaitisha makongamano ya uchumi wa kidijitali na kugawa chupa za maji.

Na mkumbuke tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi Novemba. Siku zile hata zile 10 zinazotoka zilikuwa 0. Kijana aliniambia kompyuta ilikaa ikitazama ukurasa ule ule, kama mtu aliyeachwa stesheni ya TAZARA. Mtandao uliporudi, ikaanza kuomba kurasa ilizozikosa, ikazikagua moja moja, ikawafikia wenzake. Haikumwamini mtu kwa sababu tu alikuwa macho wakati yeye amelala. Laiti na sisi waandishi tungekuwa hivyo.

Basi ninadai nini? Madai yangu ni madogo, hayahitaji bajeti ya wizara.

Kampuni iandike kwenye mkataba na kwenye bango, kwa Kiswahili, kama anwani ni ya mteja peke yake au ya kuchangia. Sentensi moja tu. TCRA, ambayo imeweza kututaka sisi tueleze VPN zetu, izitake kampuni zieleze sanduku lao. Pili, anayetaka anwani yake aweze kuinunua hata kama si kampuni, kwa bei ambayo mwenye eka mbili za mpunga anaweza kuitamka bila kukohoa. Tatu, IPv6 iwashwe mpaka majumbani, na mteja apewe ufunguo wa mlango wake.

Na ninyi mlio na sifuri zenu, kabla hamjamlaumu mtoto, mdogo wenu au nafsi zenu, fanyeni lile jaribio la dakika mbili. Anwani ya ndani ya rauta, anwani ya nje. Zisipolingana, acheni kuzima na kuwasha. Pigeni simu, ulizeni swali lenye meno, na andikeni jina la aliyewajibu pamoja na saa. Sifuri moja wataidharau. Elfu moja zenye tarehe na saa watalazimika kuzisikia.

Siku ninaondoka, kijana alinisindikiza stendi. Kompyuta hajaiuza. Inayotoka 10, inayoingia 0, na juu ya meza kabandika karatasi yenye zile anwani mbili, ili yeyote atakayemwambia "setingi zako" aonyeshwe. Mjomba yeye anawaambia majirani kwamba mwanawe ana mizani ambayo mnunuzi hawezi kuichezea. Wanakuja kuiona. Wanaona taa tu inayowaka na feni inayolia, lakini wanakuja.

Jirani wa mtaa ule anaweza kugonga mlango wa chumba kile akafunguliwa. Wa Mlimba, wa Mahenge, wa Mombasa, hawezi. Sijui kwa nini tumekubali hilo kwa urahisi namna hii.

Haya, nimemaliza. Wenye kampuni wakitaka kujibu, uwanja ni wao, sitakata hata neno moja. Mimi nakwenda kuinjika sufuria.